TAMKO LA TAWI: KATAZO LA MAZAO LIMEONDOKA, ZIWA BADO LIPO

Ndugu wanachama,

 Tamko hili ni refu kuliko yale mliyozoea. Lisomeni taratibu, hata kwa siku mbili, na asiye na bando asomewe na jirani yake. Tumelazimika kuandika kwa sababu kwa wiki tatu sasa kundi letu la WhatsApp limejaa ramani, sauti na vipande vya video kuhusu Malawi, na baadhi vimerushwa na watu wenye dhamana ndani ya tawi hili. Kamati ya Tawi ilikaa Jumapili, ikabishana kweli kweli, na mwishowe ikaniagiza niandike yale tuliyokubaliana. Pale ambapo hatukukubaliana nitasema.

Tuanze na yaliyotokea, maana wengi wanayasimulia kuanzia katikati.

Mwezi Machi mwaka 2025 Serikali ya Malawi ilizuia bidhaa kadhaa kuingia nchini mwake kutoka nje. Ndani ya orodha hiyo yakawamo mazao yanayotuweka mjini sisi: unga wa mahindi, mchele, tangawizi, ndizi. Lakini jirani akifunga mlango wa uani, anayeumia ni yule aliyezoea kupitia uani, na huyo ni sisi. Afrika Kusini nayo ilikuwa imekwisha kuzuia ndizi zetu siku nyingi. Waziri wetu wa Kilimo wakati huo, Hussein Bashe, akatoa muda, majibu ya kuridhisha hayakuja, na tarehe 23 Aprili akatangaza kwamba mazao ya kilimo kutoka nchi hizo mbili hayataingia Tanzania. Mbolea ya kwenda Malawi nayo ikaguswa. Siku chache baadaye simu zikapigwa, katazo letu likaondolewa, na mwanzoni mwa Mei wajumbe wa nchi mbili wakakutana Dodoma.

Ukilisoma gazetini ni jambo la siku chache. Kasumulu halikuwa la siku chache. Lilianza Machi, na kwa baadhi ya wanachama wetu bado halijaisha.

Kuna mama mmoja wa tawi hili, jina tunalihifadhi kwa ombi lake, ambaye kwa miaka tisa amekuwa akivusha mchele kwenda Karonga. Si mfanyabiashara mkubwa. Anachukua magunia kumi na tano, wakati mwingine ishirini, nusu ya fedha akiwa amekopa kwenye kikundi. Siku habari ya katazo la Malawi inatua, mchele wake ulikuwa tayari kwenye gari, ushuru wa huku umelipwa. Alilala pale mpakani usiku mbili akisubiri kuambiwa jambo. Afisa mmoja alimwambia asubiri, mwingine akamwambia arudi. Alirudi. Gari la kurudisha mzigo nalo lilimdai nauli, na mchele ule akauuza Kyela mjini kwa bei ya kutupa, kwa sababu hakuwa peke yake aliyerudi. Kikundi kinamdai hadi leo. Wakati kijana wetu mmoja anaandika kwenye kundi "tumewanyoosha", mama huyu yumo humo humo ndani ya kundi, anasoma.

Hapo ndipo Kamati ilipoanza kubishana. Wapo waliosema Serikali ilikosea kujibu katazo kwa katazo. Wengi wetu hatukukubali, na hata mwandishi wa tamko hili hakukubali. Nchi ikizuiwa mazao yake bila maelezo ya kutosha ikakaa kimya, wakulima wake watazuiwa tena mwakani na majirani wengine, na kila mmoja atakuwa na sababu yake. Malawi na Tanzania zote ni wanachama wa SADC, na eneo huru la biashara la jumuiya hiyo lipo tangu 2008. Kama makubaliano yapo, anayeyavunja aulizwe. Serikali iliuliza kwa sauti kubwa, na mlango ukafunguka kwa mazungumzo. Hilo tunalitambua.

Tusichokubali ni namna mtu mdogo alivyosahauliwa pande zote mbili. Malawi ilipofunga haikumfikiria aliyekwisha kununua mzigo. Sisi tulipofunga tulitoa siku chache tu. Mwenye kampuni ya kuagiza matufaa kutoka Afrika Kusini ana bima, ana mwanasheria, ana stoo yenye baridi. Mwenye mikungu themanini ya ndizi kutoka Rungwe ana siku nne, baada ya hapo ni mbolea. Katazo lolote lisilotaja mzigo ulioko njiani linamwadhibu mtu huyu kwanza, kabla halijamgusa waziri yeyote wa upande wa pili.

Sasa, kwa nini Malawi walifanya vile? Tukiwa wanachama wa chama cha siasa tunapaswa kujua jirani yetu anaumwa wapi, hata kama hatumwonei huruma. Malawi hawana dola. Novemba 2023 walishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44 kwa siku moja. Wale mnaobadilisha fedha pale darajani mnaikumbuka siku ile kuliko mimi. Tangu hapo foleni za mafuta ya petroli kwao zimekuwa jambo la kawaida, na madereva wetu wanajua, maana wanaombwa dumu kila wanapovuka. Nchi isiyo na dola inatazama kila kinachoingia na kujiuliza kama inaweza kukilima yenyewe. Tena ndizi ina historia yake. Migomba ya Malawi ililiwa na ugonjwa wa virusi unaodumaza majani ya juu, wakalazimika kung'oa mashamba mengi, na kwa miaka hiyo yote ndizi zao zimekuwa zikitoka kwetu na Msumbiji. Sasa wamepanda upya, wanataka wakulima wao wapate soko. Sisi tungefanya nini?

Tungefanya hivyo hivyo, na tumeshafanya. Hili baadhi hawataki kulisikia, lakini lisemwe. Mwaka 2011 Tanzania ilizuia mahindi yasitoke nje. Mwaka 2017 tukazuia tena. Sababu zilitolewa, nyingine nzuri: usalama wa chakula, kusaga kwanza hapa ndipo tuuze unga. Waliolipa ni wakulima wa nyanda zetu hizi hizi, walioshuhudia bei ya debe ikiporomoka huku wanunuzi wa nje wamesimama mpakani na fedha mkononi. Mwaka huo huo wa 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga. Machi 2021 Kenya nao wakazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumu kuvu, wakaachia baada ya siku chache. Mwishoni mwa 2023 Malawi walizuia mahindi yasiyosagwa kutoka Tanzania na Kenya kwa kuhofia ugonjwa wa mahindi. Kila mara ni hadithi moja: nchi inafunga kwa hasira au kwa hofu, inafungua kwa mazungumzo, na mzigo uliooza katikati hakuna anayeulipa. Tofauti ya mwaka 2025 ni kwamba Malawi walikuwa na uchaguzi Septemba na sisi tulikuwa na uchaguzi Oktoba. Katika mwaka kama huo kila upande una watu ambao ugomvi wa mpakani unawafaa.

Na ndiyo maana ramani zimeanza kuzunguka.

Ndugu wanachama, suala la Ziwa Nyasa ni zito, na si la kurushwa kwenye kundi pamoja na vikaragosi vya kucheka. Naomba mnivumilie nilieleze, kwa sababu katika kikao tuligundua kwamba hata baadhi ya wajumbe wa Kamati hawakujua mgogoro unatoka wapi.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo. Hapakuwa na Mnyakyusa wala Mngonde wala Mmanda aliyeitwa. Kwa mkataba huo Wajerumani walipewa kisiwa cha Heligoland huko Bahari ya Kaskazini, na Waingereza wakaachiwa Zanzibar. Humo humo wakachora mpaka wa huku kwetu: ukafuata ufukwe wa mashariki wa ziwa, ukazunguka kaskazini, hadi mdomo wa Mto Songwe. Kwa maandishi hayo, ziwa lote likawa la Waingereza, na upande wa Wajerumani ukaishia kwenye mchanga. Malawi wanasimama hapo. Kwao maji yote, mpaka yanapogusa miguu ya mama anayefua pale Matema, ni Malawi.

Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliandika kwa Malawi kuhusu jambo hili mwanzoni mwa 1967, na Rais Kamuzu Banda akalikataa. Mwaka uliofuata Banda alikwenda mbali zaidi, akadai hata sehemu za nchi kavu upande wetu. Wakati ule Malawi ilikuwa rafiki wa makaburu wa Afrika Kusini na sisi tulikuwa tunawahifadhi wapigania uhuru, kwa hiyo ziwa lilibeba ugomvi ambao haukuwa wa ziwa peke yake. Mjue na hilo mnapoona watu wazima wakiwa wakali kuhusu jambo hili: wengine wanakumbuka miaka ile.

Hoja zetu zina nguvu. Mkataba wenyewe wa 1890 una kifungu kinachoruhusu mipaka irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Zipo ramani za wakati wa Waingereza, walipotawala pande zote mbili, zinazoonyesha mstari katikati ya maji. Mwaka 1954 Waingereza na Wareno walikubaliana kuhamisha mpaka wa Nyasaland na Msumbiji kutoka ufukweni hadi katikati ya ziwa, visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki vya Malawi. Kwa hiyo Msumbiji wana nusu yao kusini kidogo ya Mbamba Bay, kwa karatasi, na hakuna anayegombana. Kwa nini samaki yule yule akiogelea kuja kaskazini asiwe na mstari wa katikati?

Lakini Malawi nao wana hoja, na mwanachama anayekwenda kubishana bila kuijua hoja ya mwenzake atarudi ameaibika. Julai 1964, pale Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliamua kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Aliyelipeleka azimio lile mezani alikuwa Nyerere. Malawi ilikuwa imepata uhuru siku chache tu kabla, tarehe 6 Julai. Wanachosema leo ni kwamba wanatushikilia kwa maneno yetu wenyewe.

Na kuna kesi moja ambayo wanaorusha ramani hawaitaji. Mkataba ule ule wa 1 Julai 1890 ulichora pia mpaka wa Botswana na Namibia kwenye Mto Chobe. Nchi hizo ziligombania kisiwa kidogo ambacho mmoja anakiita Kasikili na mwingine Sedudu. Hawakupigana. Walikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, na tarehe 13 Desemba 1999 ikaamuliwa kisiwa ni cha Botswana, kwa kuusoma mkataba ule neno kwa neno. Namibia ilisema watu wake walikilima kisiwa kile kwa miaka mingi, haikutosha. Lakini mahakama hiyo hiyo ikasema vyombo vya nchi zote mbili vitapita kwa uhuru pande zote za kisiwa. Nadhani mnaona kwa nini Serikali yetu imependelea meza ya mazungumzo na si mahakama. Mahakamani unaweza kushinda, na unaweza kupewa karatasi inayosema mchanga ndio mwisho wako. Anayepiga kelele "twendeni mahakamani kesho" ajue anachokiomba.

Jambo hili lililala miaka mingi mpaka harufu ya mafuta ilipolizindua. Mwaka 2011 Malawi ilitoa leseni kwa kampuni ya Kiingereza, Surestream, kutafuta mafuta na gesi ziwani, upande wa kaskazini. Mwaka 2012 Tanzania ikataka utafiti usimame hadi mpaka ujulikane. Mazungumzo yakafanyika, yakavunjika, yakafanyika tena. Bungeni kwetu watu walizungumzia vita. Kwa Rais Joyce Banda nako hapakuwa baridi. Mwishowe shauri likapelekwa kwa viongozi wastaafu wa SADC wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Hadi ninapoandika, mpaka haujaamuliwa, na ziwani hakuna hata pipa moja la mafuta lililotolewa. Vijana walioandika kwenye kundi kwamba "Wamalawi wanaiba mafuta yetu" watuonyeshe kisima kiko wapi.

Mimi ningependa tuzungumzie zaidi maji na samaki, ambavyo vipo kweli, kuliko mafuta ambayo labda yapo.

Ziwa hili ni la tatu kwa ukubwa Afrika. Lina aina za samaki nyingi kuliko ziwa lolote duniani, na sehemu kubwa ya aina hizo hazipatikani mahali pengine. Mbasa na usipa tunaoula huku hawajui mkataba wa 1890. Usipa wakizaliana vizuri upande wa Karonga, mitumbwi ya Matema inajaa; wakivuliwa huko kwa nyavu za vyandarua, huku tunakula mchicha. Maji nayo yanatoka kwetu kwa sehemu kubwa: Ruhuhu, Kiwira, Mbaka, Lufilyo, na Songwe ambao ni wetu sote. Halafu maji hayo yanatokea kusini kwa mlango mmoja tu, Mto Shire, na juu ya Mto Shire ndipo Malawi walipojenga mitambo yao ya umeme: Nkula, Tedzani, Kapichira. Sehemu kubwa ya umeme wao iko pale. Januari 2022 kimbunga Ana kilipoharibu bwawa la Kapichira, nchi ile ilikosa umeme wa kutosha kwa miezi. Kwa hiyo Mmalawi akisikia neno "nusu ya ziwa" hafikirii samaki tu. Anafikiria taa ya nyumbani kwake. Hatulazimiki kumpa ziwa kwa sababu ya taa, lakini tukijua hofu yake tutajua namna ya kuzungumza naye. Na yeye ajue yetu: kwamba watu wa Kyela, Ludewa na Nyasa hawawezi kuishi kwa masharti kwamba kuteka maji ni kuvuka mpaka. Serikali yetu imejenga meli mbili za mizigo za tani 1,000 kila moja, MV Njombe na MV Ruvuma, na ya abiria MV Mbeya II. Meli hizo hazikujengwa zitembee kwenye mchanga.

Sasa nije kwenye ujumbe uliotuudhi zaidi. Mwenzetu mmoja, na ni kiongozi, aliandika: "Tuwafungie bandari ya Dar wajue ziwa ni la nani." Ujumbe huo ulipata dole gumba arobaini na moja. Nilizihesabu.

Malawi haina bahari. Mizigo yake inapita Nacala na Beira huko Msumbiji, inapita Dar es Salaam, na mingine Durban. Miaka ya 1980 vita vya Msumbiji viliharibu reli za Nacala na Beira, na Malawi ikalazimika kuzungukia Durban kwa gharama ya kutisha. Ndipo njia ya Dar kupitia Mbeya ilipofunguliwa kwao kwa nguvu. Bohari zao za mizigo za Dar na Mbeya zilizaliwa wakati ule. Angalieni vizuri: hiyo ilikuwa baada ya miaka ya ugomvi wa Banda na Nyerere juu ya ziwa hili hili. Ziwa halikuwa limeamuliwa, na biashara ikafunguliwa. Wazee wale, pamoja na ukali wao, hawakufunga kimoja kwa ajili ya kingine.

Leo tukifunga bandari, reli ya Nacala inafanya kazi. Mzigo utahama kwa mwezi mmoja na kurudi kwa miaka kumi, kama utarudi. Watakaokaa bila kazi ni madereva wa malori wa Mbeya, wapakiaji, mafundi matairi wa Uyole, mamantilie wa Kasumulu, na vijana wa bodaboda wanaobeba abiria kutoka darajani. Wengi wa hao ni wanachama, na nina hakika baadhi yao waliweka dole gumba bila kufikiri.

Isitoshe, hawa tunaotaka kuwanyoosha ni nani? Mngonde wa Karonga na Mnyakyusa wa Kyela wanasikilizana bila mkalimani. Tuna wanachama hapa wenye shangazi ng'ambo. Mto Songwe wenyewe ukifurika unahama, na mtu analala shamba lake likiwa Tanzania anaamka liko upande wa pili wa maji. Ndiyo sababu nchi mbili zikaunda mpango wa pamoja wa bonde la mto huo. Machi 2023 kimbunga Freddy kilipowaua mamia kusini mwa Malawi, Tanzania ilipeleka chakula na helikopta, na kwenye kundi hili hili tulichangishana. Orodha ya michango ipo, mtu anaweza kupandisha juu akaiona. 

Kwa hiyo Kamati imeamua yafuatayo. Kuanzia leo, ramani, sauti na video zozote zinazochochea watu dhidi ya raia wa Malawi hazitarushwa kwenye kundi la tawi. Atakayerusha ataondolewa kwa wiki mbili, na akiwa kiongozi ataitwa mbele ya Kamati. Kujadili mpaka wa ziwa hatujakataza. Jadilini, hata mkosoe Serikali, hata mkosoe tamko hili. Tumekataza kuwatukana watu. Kuna wenye vibanda wawili kutoka Karonga waliofunga biashara sokoni kwetu mwezi uliopita kwa sababu ya maneno ya vijana. Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kuwaomba warudi, mmoja amerudi.

Pili, tunakusanya hasara. Tumegundua kwamba hakuna mtu mahali popote aliyeandika wafanyabiashara wadogo wa eneo letu walipoteza nini kati ya Machi na Mei. Wakubwa wana vyama vyao vya kuwasemea. Sisi tutaandika wenyewe: nani, mzigo gani, kiasi gani, ulirudishwa siku gani, ukauzwa kwa bei gani. Majina hayatatoka nje ya tawi bila ruhusa. Orodha hiyo tutampa Diwani aipeleke kwenye baraza la halmashauri, na Mbunge apewe nakala, pamoja na ombi letu lililo rahisi: nchi ikilazimika kuzuia mazao tena, tangazo litolewe angalau siku thelathini kabla, na mzigo uliokwisha kulipiwa ushuru na kupata cheti cha afya ya mimea uachiwe upite. Tunataka ombi hilo hilo lipelekwe kwa wenzetu wa Malawi kwenye vikao vya ujirani mwema, kwa sababu katazo lao ndilo lililotangulia kutuumiza.

Hapa kuna jambo ambalo hatukukubaliana. Baadhi ya wajumbe walitaka tuombe fidia. Wengine, nikiwemo mimi, tuliona tukianza na fidia tutazungushwa miaka mitatu na siku thelathini hatutazipata. Suala limeachwa wazi kwa kikao cha wanachama wote.

Tatu, wavuvi. Mnapotoka usiku chukueni vitambulisho, na mkikutana na doria ya upande wowote msikimbie na msibishane mpaka ndani ya maji. Mpaka ukiulizwa, jibu lenu ni kwamba ninyi ni wavuvi wa Tanzania na mpaka unazungumzwa na serikali mbili. Mtumbwi ukikamatwa, taarifa ije kwa Katibu wa Tawi na kwa kikundi cha ulinzi wa rasilimali cha mwalo siku hiyo hiyo, si baada ya wiki. Na wale wanaotumia vyandarua kuvulia watoto wa usipa, tunawafahamu. Hatuwezi kudai nusu ya ziwa serikalini huku tunalimaliza sisi wenyewe.

Kikao cha wanachama wote kitakuwa Jumamosi saa nane mchana, uwanja wa shule ya msingi, chini ya mwembe. Mvua ikinyesha tutaingia darasa la tano. Waliopata hasara waje na risiti, vyeti au hata daftari la kikundi. Asiye na karatasi yoyote aje na shahidi mmoja anayemfahamu. Yule mama wa mchele amekubali kuzungumza wa kwanza.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.*
*Unaruhusiwa kuisambaza ikiwa nzima. Usikate vipande.*